Nyumba ya vyumba viwili, watu tisa na kasha moja la unga

Dada mmoja wa Kiambu kaniandikia swali refu, nalifupisha. Anatunga mchezo wa kuigiza wa kanisani kwao, mhusika mkuu ni mmisionari wa kike wa kubuni kutoka Scotland aliyefika Kikuyu mwanzoni mwa karne iliyopita, na onyesho la kwanza ni utoto wake huko shambani kwao miaka ya 1870. Anauliza: "Mwalimu, familia ya kijijini kule iliishije hasa? Nani alikuwa na sauti ndani ya nyumba, walilala wapi, walikula nini? Mimi nimeandika baba anasoma gazeti sebuleni, mama anafuma, mfanyakazi analeta chai na keki, pembeni kuna mti wa Krismasi. Niko sawa?"

Hauko sawa dada yangu, ila sikulaumu, maana ukisema "enzi za Malkia Victoria" kila mtu kichwani anaona zile nyumba za kwenye filamu, ngazi ndefu, mapazia mazito, kengele ya kumwita mtumishi. Hiyo ni nyumba ya tajiri wa mjini tena Uingereza ya kusini. Victoria alitawala 1837 mpaka 1901, na ni kweli yeye na mumewe walinunua Balmoral huko Aberdeenshire, kaskazini mashariki mwa Scotland, mwaka 1852 wakajenga kasri, lakini maili chache tu kutoka kwenye geti lake watu walikuwa wanalala na ng'ombe ukuta kwa ukuta.

Kwanza tukubaliane tuko wapi, kwa sababu Scotland ya mashambani haikuwa moja. Magharibi na visiwani walikuwa wanaongea Kigaeli, wengi walishafukuzwa kwenye mabonde yao kupisha kondoo wa mwenye ardhi, alafu 1846 viazi vikaoza na njaa ikawashika karibu miaka kumi. Kusini mashariki kulikuwa na mashamba makubwa ambako mwanaume wa farasi, yani anayelima kwa plau ya farasi, akipata kazi lazima aje na mwanamke wa kufanya kazi shambani, awe mkewe, binti yake, au msichana ambaye anamwajiri yeye mwenyewe na kumlaza nyumbani kwake. Mimi nakushauri binti yako mweke kaskazini mashariki, Aberdeenshire, kwenye kishamba kidogo pembezoni mwa shamba kubwa, wenyewe wanaita krofti. Huko shule zilikuwa nzuri, kanisa lilikuwa na nguvu, na ni rahisi kuamini kwamba mtoto wa hapo angeishia kuwa mmisionari.

Sasa kosa kubwa kwenye mswada wako hata sio keki, ni hiyo picha ya baba, mama na watoto wao basi. Unajua sensa za kwetu zinavyoeleza kaya? Watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Hawaulizi kwanza nani kamzaa nani, wanauliza chungu. Ukiishika hiyo utaielewa nyumba ya Aberdeenshire kuliko wanafunzi wengi wa chuo, maana pale nyumba ilikuwa kikosi cha kazi, na anayeingia na kutoka alikuwa anaingia na kutoka kwa sababu ya kazi na chakula. Miaka mingi nimekaa na daftari za sensa zao (wanahesabu kila miaka kumi, na kuanzia 1841 majina yameandikwa mtu mmoja mmoja) na ukisoma nyumba moja moja unakutana na kitu kama hiki: baba, mama, watoto wanne wadogo, bibi mjane mzaa mama, mjukuu wa miaka miwili ambaye mama yake hayupo, na mtoto mwingine mwenye jina la ukoo tofauti kabisa na wao. Tisa. Na kijana mkubwa wa miaka 15 hayumo, binti wa 17 hayumo, wanalala na kula kwa watu wengine.

Huyo mwenye jina tofauti ni nani? Mara nyingi ni yatima au mtoto wa maskini wa mjini, tuseme Glasgow, aliyeletwa na bodi ya parokia. Sheria ya maskini ya 1845 iliziachia bodi za parokia kazi ya kuwatunza wasiojiweza, na bodi za mijini zikaona afadhali mtoto apelekwe shamba, akalelewe na familia kwa malipo kidogo ya kila wiki, kuliko kukaa kwenye nyumba ya maskini. Kwa mkulima wa krofti zile shilingi zilikuwa pesa taslimu, kitu adimu, na mtoto mwenyewe anachunga ng'ombe. Wapo waliopendwa kama watoto wa kuzaa na wapo waliotumikishwa tu, nyumba na nyumba.

Na yule mjukuu wa miaka miwili naomba usimfiche hata kama mchezo ni wa kanisani. Scotland ilianza kuandikisha vizazi kisheria mwaka 1855, na takwimu zilipotoka wachungaji walishika vichwa, kwa nchi nzima watoto kati ya 8 na 10 kwa kila 100 wamezaliwa nje ya ndoa, na Banffshire, jirani kabisa na hapo ulipomweka binti yako, ilikuwa kama mtoto mmoja kati ya sita au saba. Nchi ya Biblia hiyo! Sababu ni ya kazi tena. Vijana wa farasi hawajaoa na hawawezi kuoa maana mashamba makubwa yanataka mabachela wa kulala banda la shamba, wasichana wanafanya kazi jikoni kwenye mashamba hayo hayo, wote wana miaka ishirini, utamalizia mwenyewe. Mtoto akizaliwa anabaki kwa bibi yake, mama anarudi kazini anatuma pesa. Alafu sheria yao ilikuwa na huruma kidogo kuliko ya Uingereza, wazazi wakija kuoana baadaye mtoto anahesabika halali tangu hapo. Hata ndoa yenyewe haikulazimu mchungaji, ilitosha kutamka mbele ya mashahidi kwamba huyu mke wangu huyu mume wangu, ila sheria ya 1856 iliongeza sharti kwamba mmoja wao awe ameishi Scotland siku 21, ili Waingereza waache kutoroka kuja kuoana mpakani.

Nyumba yenyewe. Ukuta wa mawe, paa la nyasi au baadae vigae vya mawe, mlango mmoja katikati, ukiingia kuna chumba upande huu na chumba upande ule. Cha kwanza ndo jiko, hapo kuna moto na ndo maisha yote yalipo, cha pili ni cha heshima, kina saa kama wamebahatika, kina Biblia kubwa yenye tarehe za kuzaliwa, na mgonjwa au maiti huwekwa humo. Kwaiyo sebule ya baba kusoma gazeti futa. Vitanda vilikuwa ndani ya kabati, yani kitanda kimezungushiwa mbao pande zote na kina milango au pazia, ukifunga unapata joto na faragha kidogo, na hewa hakuna, madaktari walilalamika sana kuhusu kifua kikuu. Godoro ni gunia lililojazwa makapi ya oti, likibadilishwa kila mwaka baada ya kupura. Watoto wanne kitanda kimoja, wawili kichwa huku wawili kichwa kule, mzungu wa nne kabisa (na hapa wazungu ni wanne kweli).

Usidhani nachagua maskini wa kutupwa. Sensa ya 1861 ilihesabu vyumba vyenye dirisha, ikakuta kama thuluthi ya nyumba zote za Scotland ni chumba kimoja, na thuluthi nyingine na zaidi ni vyumba viwili. David Livingstone unayemjua wewe, aliyezaliwa 1813 Blantyre kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, kakulia chumba kimoja cha kama futi 14 kwa 10 na wazazi na ndugu zake, na akaanza kiwandani ana miaka 10. Babu yake alitoka kisiwa cha Ulva, mtu wa krofti.

Na kule visiwani ilikuwa kali zaidi. Kisiwa cha Lewis kuna kijiji kinaitwa Arnol, nyumba moja imehifadhiwa mpaka leo, ilijengwa miaka ya 1880 hivi na watu wakaishi humo mpaka miaka ya 1960. Kuta mbili za mawe bila saruji, katikati wameshindilia udongo, paa la nyasi limefungwa kamba zenye mawe lisipeperushwe na upepo wa bahari, dohani hakuna. Moto uko katikati ya sakafu, unaowaka ni piti, yani udongo wa kinamasi unaokatwa kama matofali mwezi wa tano na kukaushwa, na moshi unajitafutia njia kwenye nyasi za paa. Watu na ng'ombe mlango mmoja, ng'ombe wanakaa upande wa chini ili mkojo uteremke. Unaona uchafu? Wao waliona akili: ng'ombe anatoa joto, moshi unafukuza wadudu, na zile nyasi za paa zikishashika masizi zinashushwa zinamwagwa shambani kama mbolea.

Turudi Aberdeenshire tule. Kitu cha thamani kwenye nyumba kilikuwa kasha la unga wa oti, ile nafaka ambayo kwetu sasa hivi inauzwa kwenye pakiti na wanaofanya dayati. Wafanyakazi wa shamba wenye familia walilipwa sehemu ya mshahara kwa unga huo, unapimwa kwa boll, na boll moja ni ratili 140, kama kilo 63, juu yake maziwa, viazi na wakati mwingine makaa. Asubuhi uji mzito wa oti wenye chumvi, sukari hamna, na ukipikwa unakorogwa kwa mti maalum mwembamba wa mviringo, mwiko usio na ubapa. Kituko ni kwamba kwa Kiskoti uji wanauita kwa wingi, "hao" wako moto, "hao" wamepoa, kama vile kwetu maji na maziwa. Mtu wa haraka anaweka unga mkavu kwenye bakuli anamwagia maji yanayochemka na chumvi, anachapa, anakula, mabachela wa shamba walikula hivo asubuhi, na wengine hata jioni. Mkate wao ni unga huo huo uliokaushwa kwenye bamba la chuma.

Alafu kuna kitu wewe wa Kiambu utakitambua mara moja. Makapi ya oti yaliyobaki na unga unga yaliloekwa kwenye maji siku kadhaa mpaka yachachuke, yakakamuliwa, yale maji meupe yakachemshwa yakawa uji mchachu. Waliupenda, ila waliula pia kwa sababu ya shida. Mwigizaji wako akinywa uji wa kuchachusha jukwaani wazee wa kanisa wataelewa bila maelezo. Na bustani nyuma ya nyumba imejaa sukuma wiki, sitanii, ni jamii ile ile, wanaikata kwenye supu ya shayiri. Viazi, tanipu, samaki wa heringi wa chumvi kutoka kwenye pipa. Nyama si ya kila siku, na kuku anachinjwa akishaacha kutaga. Chai ilikuwepo kufikia 1870 tena walishaanza kuizoea vibaya, lakini ilinunuliwa kwa mayai.

Hapo kwenye mayai ndo jibu la swali lako la nani ana sauti. Kwenye karatasi ni baba. Mali za mke zilikuwa chini ya mikono ya mume mpaka sheria ya 1881 ilipobadilisha mambo, krofti imeandikwa jina la baba, maombi ya jioni anaongoza baba. Lakini ng'ombe anakamuliwa na mama, mwanaume wa farasi akionekana na ndoo ya maziwa angechekwa mpaka ahame, siagi ni ya mama, kuku ni wa mama, na mwenye duka anapokea siagi na mayai anatoa chai, sukari na uzi. Kwaiyo matumizi ya kila siku yako mikononi mwa mama. Na mwanamke wa Scotland hakupotea jina lake, kwenye kumbukumbu na kwenye jiwe la kaburi ameandikwa kwa jina la ukoo wa kwao hata kama kaolewa miaka hamsini.

Mimi lakini nikiulizwa nani mkubwa wa nyumba ile nitasema mwenye ardhi na kalenda. Baba anaweza kuwa amevunja mawe ya nyika miaka 19, ambayo ndo ilikuwa mkataba wa kawaida, ameondoa miamba kwa mikono, nyika imekuwa shamba, mkataba ukiisha kodi inapandishwa kwa sababu shamba limekuwa zuri. Limekuwa zuri kwa jasho la nani? Wale wa magharibi walipigana, mwaka 1882 huko Skye wanawake na wanaume wakawarushia mawe polisi waliotoka Glasgow, serikali ikaunda tume, na 1886 ikaja sheria ya kumlinda mtu wa krofti asifukuzwe ovyo. Ila ilihusu wilaya za magharibi na kaskazini tu, Aberdeenshire haikuwemo. Baba wa binti yako hiyo sheria aliisoma gazetini kama habari za majirani. Ukitaka gazeti, hapo lipo, analisoma jikoni amekaa karibu na moto, na pengine ni la wiki iliyopita na limeshapita nyumba tatu.

Kalenda nayo ilikuwa na siku mbili za kutisha, moja Mei moja Novemba. Hizo ndo siku za kubadilisha kazi. Kijana anaenda kwenye soko la kuajiriwa, anasimama mjini na wenzake, mkulima anamkagua, anamuuliza anaweza nini, wakikubaliana anampa shilingi mkononi, kama kishika mkono, hapo kajifunga miezi sita. Akimchukia bosi anavumilia mpaka siku ifike. Wenye wake walijifunga mwaka mzima, na mwaka ukiisha mikokoteni inajaa barabarani, kitanda, kasha, saa, mtungi, watoto juu, wanahamia shamba lingine maili tano au kumi. Walimu walilia maana darasa linabadilika sura kwa siku moja.

Shule basi. Sheria ya 1872 iliwalazimisha watoto wa miaka 5 hadi 13 kusoma, lakini kusoma hakukuanza hapo, kila parokia ilitakiwa kuwa na shule tangu sheria ya 1696, na mwaka 1855 kwenye daftari za ndoa karibu wanaume 9 kati ya 10 na wanawake zaidi ya 3 kati ya 4 waliweza kuandika majina yao. Mtoto anatembea pekupeku majira ya joto, na baridi ikiingia kila mmoja anabeba donge lake la piti kwa ajili ya moto wa darasani, kama sisi tulivobeba kuni. Nyumbani Kiskoti, shuleni Kiingereza. Kwa Wagaeli ilikuwa mbaya zaidi, wanasimulia habari za kijiti kilichoning'inizwa shingoni kwa mtoto aliyeropoka lugha ya mama, na mtu aliyesoma Kenya au Tanzania atakumbuka kile kidude alichovalishwa yeye. Mvulana mwenye kichwa aliweza kushinda nafasi ya kwenda chuo kikuu Aberdeen, masomo yalikuwa majira ya baridi ili majira ya joto arudi shambani, na vyuo kama Edinburgh na St Andrews vilikuwa na Jumatatu moja ya mapumziko iliyoitwa ya unga, inasemekana ni ya mwanafunzi kwenda kwao kujaza gunia lake. Wasichana mpaka 1892 mlango wa chuo ulikuwa umefungwa kwao, ndo maana uwanja wa umisionari ulivutia wanawake wenye akili, huko walipata kazi ambayo nyumbani wasingepewa.

Jumapili hakuna kazi, maji yamechotwa Jumamosi, viatu vimepakwa rangi Jumamosi, viazi vimemenywa Jumamosi. Usisahau kumuuliza baba yake anasali wapi maana mwaka 1843 kanisa lilipasuka, wachungaji zaidi ya 400 wakaondoka wakaanzisha Free Church, na nyumba mbili jirani zingeweza kupita njia tofauti kila Jumapili wakinuniana. Krismasi hawakuisherehekea, Wapresbiteri waliona ni mambo ya Kikatoliki, watu walienda kazini kama kawaida, na kwa taarifa yako Krismasi imekuwa sikukuu ya kitaifa Scotland mwaka 1958 tu. Sherehe yao ilikuwa mwaka mpya. Mti ungoe.

Mwanga wa jukwaani weka taa ya mafuta. Zamani walichoma vijiti vya msonobari vyenye utomvu au mafuta ya samaki, lakini kufikia 1870 mafuta ya taa yameshafika, na aliyefungua hiyo njia ni Mskoti, James Young, mwenye hataza ya 1850.

Mwisho jina, kwa sababu umemwita Victoria na nakataa. Kwa desturi mtoto wa kiume wa kwanza anachukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, binti wa kwanza anachukua la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba. Ndiyo, karibu kama nyinyi Wakikuyu, isipokuwa mabinti wamegeuzwa, nyinyi mnaanza na mama wa baba. Kwaiyo dada yake mkubwa ndo ana jina la yule bibi mjane aliyekaa pembeni ya moto, na wako akiwa binti wa pili aitwe kama bibi mzaa baba, Margaret au Isabella, na huko Thogoto, penye misheni ya Kikuyu, jina ambalo lenyewe limetokana na hao Waskoti, mama wa Kikuyu akimuuliza umeitwa nani, hapo una onyesho zima la wawili hao kugundua kwamba wanahesabu majina kwa namna moja. Andika upya kuanzia jikoni, na yule mfanyakazi mwenye sinia usimtupe, mfanye dada mkubwa: ana miaka 17, amerudi Jumapili moja kutoka shamba kubwa anakoosha vyombo vya watu, amekuja kumuona mtoto wake.